Mama Mlango na Zeolaiti ya Riakta ya Pili

Kwanza mnijue mimi, maana katika zamu nzima hakuna mwenye bahati kama yangu. Nimefanya kazi bandarini, nimefanya kazi melini, na kila nilipopiga hodi nilifunguliwa. Juzi tu nimeingia kwa mkurugenzi nikatoka na ahadi yake mkononi: zeolaiti ya Mama Mlango haitaguswa. Haya, sasa tumzungumzie mwenyewe.

Mama Mlango, mkemia wetu mkuu, anastaafu Ijumaa hii baada ya miaka thelathini na miwili kiwandani. Ana sauti ya kusikika hadi getini, na hajawahi kuomba radhi kwa kuwa sahihi.

Jina lake limetokana na meza. Kila mfanyakazi mpya aliambiwa aipitishe meza ndefu ya maabara kwenye mlango wa stoo. Ukiitanguliza ncha, inapita. Ukiibeba kimshazari, inagonga fremu. Ukishaiingiza, ijaribu kuigeuza: haigeuki, stoo yenyewe ni ujia tu. "Basi mwanangu, zeolaiti umeshaisoma," atakwambia. "Rudisha meza." Mimi niliirudisha na kidole gumba kimevimba.

Na kweli ndiyo hivyo. Zeolaiti ni madini yenye vijitundu visivyoonekana kwa macho, na asidi inakaa humo ndani. Molekuli huingia, asidi ikaibadili, ikatoka ni kitu kingine. Vijitundu vikiwa vyembamba, ile molekuli nyoofu tunayoviuzia viwanda vya nyuzi huteleza nje upesi. Zilizopinda huhangaika humo hadi asidi izinyooshe. Vikiwa vipana, kila kitu huingia, hugandamana, hunenepa, na mwisho ni masizi matupu. Asidi ipo, lakini imefukiwa.

Mwaka ambao Mama Mlango alienda kumzika mama yake, meneja wa uzalishaji wa wakati huo alijaza riakta ya pili, lile tangi kubwa la kupikia kemikali, zeolaiti ya matundu mapana. Eti mlango mkubwa, mapato makubwa. Kazi ilipozorota, akaamua asidi haitoshi, akaagiza nyingine kali zaidi. Hapo masizi yakapata karamu. Mama Mlango alirudi macho yamevimba kwa kilio, akatukuta ndani ya riakta tunabomoa masizi kwa nyundo. Aliyepewa onyo ni yeye: kwa nini hakuwepo. Meneja akapandishwa cheo. Leo ndiye mkurugenzi.

Hakususa. Alikaa maabara miaka akitengeneza zeolaiti yake mwenyewe, akiibana midomo ya vijitundu kidogo kidogo, akijaribu, akitukana, akijaribu tena. Ndiyo iliyomo riakta ya pili mpaka leo. Ikishika masizi tunayachoma, inarudi kazini. Karo za watoto wetu wengi zimepitia kwenye vijitundu hivyo, wangu wakiwemo.

Sasa kuna mzigo mpya wa matundu mapana umeshushwa uani, kwa sababu ni wa bei rahisi. Kamati ya kumuaga ilipomuuliza mama anataka zawadi gani, alijibu: "Msininunulie kitu. Zeolaiti yangu muiache pale ilipo." Kamati imemnunulia saa ya ukutani.

Mama, asante kwa meza, kwa matusi, na kwa kutufundisha sisi wa shule fupi bila kutuonea huruma. Nenda ukalale hadi jua likuchoke. Afya iwe nawe, na wajukuu wakusumbue kwa kiasi.

Na ile ahadi ya mkurugenzi niliyojitapa nayo pale juu, haipo. Niliingia, akaniambia nifunge mlango nikitoka. Jumatatu asubuhi zeolaiti yako inamwagwa, na zamu ya kuimwaga ni yangu.