Sarafu ya Kumi na Tatu

Ndani ya basi la mtaa wa Coyoacán, Bi Refugio alikuwa akifuta kwa leso sarafu kumi na tatu ambazo mjukuu wake angemkabidhi bibi harusi kanisani, kama ilivyo desturi ya ndoa. Mzee wa kiti cha pili, mkusanyaji sarafu, akaruka alipoiona ya mwisho. "Mama, hiyo ya kumi na tatu ni sarafu ya majaribio! Zilitengenezwa chache, kisha serikali ikaghairi. Nimeitafuta miaka thelathini!" "Marehemu mume wangu alifanya kazi kiwanda cha sarafu. Ndiyo aliyonioa nayo." "Tubadilishane, nikupe ya dhahabu!" "Ungeitaka, babu, ungewahi kumposa bibi harusi kabla ya mjukuu wangu." Tukacheka basi zima. Nami, Mungu anisamehe, nikaiacha rozari niliyokuwa nikisali kiti cha nyuma yao, nisikilize. "Basi niishike kidogo tu," mzee akaomba. "Utaishika kanisani, padri akishaibariki." Basi likasimama mbele ya kanisa, Bi Refugio akashuka. Mzee akashuka naye, akibembeleza, huku akijifunga tai vizuri.