Kibiriti cha Malisho

Katika basi la Moa, Mwatumu alikaa nyuma ya wageni wawili waliokuwa wakibishana habari za malisho.

"Moto ndio huamsha nyasi, mwanangu," alisema mzee mwenye kofia. "Choma, mvua inyeshe, ng'ombe wanenepe."

"Na isiponyesha?" mama aliyeketi kando yake akamuuliza. "Sisi tulichoma, mzee wangu. Mvua ikaishia baharini. Tukaezua paa, ng'ombe wakala zile nyasi kuukuu, na bado wakafa."

"Basi mlichoma mapema!" Mzee akacheka, akacheka peke yake.

Mwatumu alikipapasa kibiriti penye pindo la kanga. Baba ndiye aliyemtuma akinunue, ili kesho yeye baba achome malisho yao.

Basi likasimama. Baba alikuwa akimngoja chini, mkono ameshaunyoosha, na juu yake mbingu nyeupe pe, haina hata wingu.