Kumuaga Mzee Lancelot, Mwalimu wa Saksafoni

Niwape kwanza bahati yenu ya leo: huyu mnayemtazama ndiye mpiga saksafoni hodari kuliko wote, kuanzia mtaani kwetu Jane na Finch, hapa Kanada, hadi New York. New York sijafika, ila wakijua nakuja watafunga mpaka.

Sasa salamu, kwa vyeo vyenu. Mheshimiwa Mwenyekiti wa jumuiya yetu, ndiwe Mama Josephine; Baba Padri, uliyetupa ukumbi huu ukavumilia kelele zetu, wazee wetu wa Kigoa, wa bara na wa visiwani, akina mama wa jikoni, ambao ndio wenye shughuli, na nyinyi wadogo zangu mnaoelewa kila neno kisha mnajibu kwa Kiingereza: wanaostahili, shikamooni, wengine, mambo.

Tumekuja kumuaga Mzee Lancelot, aliyetufundisha muziki hapa Parkdale kila Jumamosi, na ambaye kesho anahamia Markham kwa mwanawe Shane, mtaa ambao ukipuliza saksafoni jirani anaita polisi. Je, alitukuta tukoje? Mimi nilivaa suruali chini ya makalio, nikatembea kama nimechomwa mwiba, nikaongea Kiingereza cha Wamarekani ambao sijawahi kuonana nao. Akaniuliza, "Kijana, unaumwa?" Nikamjibu, "Mzee, hii ni hip-hop, nyinyi wa zamani hamtaelewa." Akacheka mpaka akashika ukuta.

Ndipo akanichanganya, na mpaka leo sijachanganuka. Alisema muziki huo ulianza kwa watu waliochukuliwa Afrika wakalimishwa pamba Marekani, wakaimba ili wastahimili. Kuimba kule kukazaa bluzi, ikaja jazi, ikaja soul, ikaja hiyo rapu yangu. Na kabla rapu haijazaliwa, muziki huo ulishafika Dar es Salaam ndani ya santuri, akaupokea yeye, kijana wa Kigoa wa Upanga, asili yake Uhindi, mwenye tai nyembamba, akawapigia watu dansi mpaka soli za viatu zikaisha. Sasa nauliza, waheshimiwa: mweusi ni mimi, aliyenifundisha muziki wa weusi ni Mgoa, tuko Kanada, na tunagombana kwa Kiswahili. Nani hapa kamuiga nani? Mwenye jibu anione baada ya pilau.

Mzee meno ya mbele yamemtoka, na saksafoni haipigwi kwa ufizi. Kwa hiyo alipotaka Mama Alzira, mkewe, apigiwe leo wimbo ambao hajausikia tangu waondoke Dar, angemwomba nani mwingine? Akasema, "Godson, njoo Jumamosi nikuimbie, uushike kwa sikio."

"Usijichoshe, Mzee. Nitajie jina tu. Kama ni wa Kiingereza, Wamarekani hawapotezi kitu, mtandaoni upo."

"Una hakika?"

"Mzee, unaongea na Godson."

Akanitajia jina, la Kiingereza kweli, nikaupata, jina lilelile. Nimeufanyia mazoezi mpaka majirani wanaupiga mluzi kwenye lifti. Leo, kabla hamjaingia, nikampigia Mzee wimbo huo kule jikoni. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu zake zote, akasema, "Mzuri sana. Ni wa nani?"

Nikadhani ananitania. Kumbe wimbo wake aliutunga mwenyewe, kwa Kiingereza kama bendi yao ilivyozoea, akampigia Alzira siku ya harusi yao, na haukurekodiwa popote. Mimi nilidhani kila kilichoimbwa Kiingereza kimetoka Marekani. Nikamsihi aniimbie palepale. Akafungua mdomo, Mama Alzira akaingia kumtafuta, Mzee akaufunga. Wakaondoka wameshikana mikono. Mpaka sasa Mzee hajamwambia mkewe.

Mama Alzira, naona umeshatoa leso. Ratiba inasema nikimaliza mimi unaanza wimbo wako, ndiyo maana nimewapigia hadithi hadi pilau inapoa. Lakini Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi nawashukuru nyote kwa masikio mliyonipa. Mimi yangu nilimnyima Mzee alipotaka kuniimbia. Nilichojifunza kwa majuma yote haya ni wimbo wa watu wengine. Wa kwako, mama, siujui.