Njuga za Jeska

Mambo yalimharibikia Wanzagi siku ya Sabasaba, mwaka sabini na tatu, viongozi walipoleta gari la sinema kijijini kwake Mugeta. Picha ilionyesha kundi la wacheza dansi wa Ulaya wanaosimama kwa ncha za vidole. Bintiye Jeska, aliyebaki naye tangu afiwe na mke, aliipenda, na sasa anakwenda Dar es Salaam kuwa mcheza ngoma; baba anamsindikiza hadi Musoma.

“Vidole vinatoka damu, mkubwa wao anasema rudia,” Wanzagi alimlalamikia mama aliyeketi karibu naye ndani ya basi. “Viongozi wetu wanapiga makofi.”

“Na zile njuga alizopakata binti yako pale mbele?”

“Za marehemu mama yake. Alikuwaga anazifunga kwenye harusi. Nimempa mimi.”

“Waache viongozi kidogo, baba. Binti mwenyewe ulimwambia abaki?”

Basi likasimama Musoma. Jeska akainuka, njuga zikalia.

“Nakuuliza, baba. Ulimwambia?”