Mama Pulchérie, Aliyekataa Kufuta Sauti za Watu

Tarehe 30 Juni 2024, Mama Pulchérie Wilondja anastaafu baada ya miaka ishirini na mmoja ya kazi katika Redio Sauti ya Mwambao, hapa Baraka. Alipoanza, tulikuwa na kinasa sauti kimoja na sanduku la kanda. Anaondoka akiwa mkuu wa hifadhi ya sauti, cheo ambacho aliwahi kumweleza mgeni mmoja hivi: "Mi ni mulinzi wa maneno ya batu."

Wasikilizaji wetu hawamjui sana, kwa kuwa hakuwahi kutangaza. Sisi tuliofanya kazi naye tunamjua kwa kitenge alichokishona kuifunika kompyuta ya studio isiingiwe na vumbi, na kwa ukali wake kwa yeyote aliyekula ndagala, dagaa wa ziwani, karibu na kibodi. Mwandishi wa mistari hii alifukuzwa studio zaidi ya mara moja, sahani mkononi. Baadaye Mama alimletea bugali na kumwambia kwa upole, "Patrice, kula vizuri. Lakini ukulie inje."

Kompyuta hiyo ilikuwa kongwe, na Mama aliiita Muzee. Ndani yake zilikaa sauti zote za kipindi cha Salamu kwa Ndugu, ambamo watu waliotawanywa na vita, wa huku na wa Burundi, waliwatumia jamaa zao ujumbe. Mwaka 2021 jenereta ilileta umeme uliopanda ghafla, na Muzee akazima. Kila tulipomwasha, alionyesha mstari mmoja mweupe kisha kimya.

Wiki hiyohiyo alifika Nibigira, mama mkulima, mkimbizi wa Burundi anayeishi upande wa Mboko. Binti yake Vanessa alikuwa anaolewa Jumamosi. Mama mzazi wa Nibigira, ambaye alikuwa ameshafariki, aliwahi kuzungumza katika kipindi chetu, na hakuacha hata picha. Nibigira aliomba sauti ile isikike kwenye harusi. Nayo ilikuwa ndani ya Muzee tu.

Tulimwita Eloge, fundi mwenye duka karibu na soko. Aliichunguza mashine, akasema ukweli wake: "Mama, mfumo umeharibika. Naweza kuweka ingine, lakini byote biko ndani bitafutika."

"Hapana," Mama alijibu. "Kaka yangu Henri alikufia Makobola, wakati wa vita. Leo sikumbuke tena sauti yake ilikuwa namna gani. Batu ba hii mashini, hapana. Hakuna njia ya kuiwasha bila kugusa diski?"

Eloge alifikiri. "Iko njia. Tunaweka mufumo mwepesi ndani ya kle, mashini inaamukia pale. Lakini na huu uzee, sijue kama itakubali." Kle ndiyo flashi. Eloge alikuwa na safari ya kazi ya Misisi asubuhi ile, hivyo alimwachia Mama kompyuta ndogo ya kuazima na namba yake ya simu.

Mama, ambaye hakuwahi kufanya jambo hilo maishani, alikaa kwenye baraza, mahali pekee penye mtandao wa maana, akaanza kupakua mfumo. Mtandao ulikatika, akaanza upya. Mara ya kwanza alinakili faili kwenye flashi kama mtu anavyonakili wimbo, na Muzee hata hakuitazama. Kwa simu, Eloge alimfafanulia kwamba faili hilo linapaswa kuandikwa kwa programu maalumu, ili flashi yenyewe iweze kuwasha kompyuta. Mara ya pili aliandika vizuri, lakini mfumo aliochagua ulikuwa wa mashine za kisasa. Skrini ilibaki nyeusi. Mama alicheka hadi akafuta machozi: "Nimemupikia muzee nyama ngumu, na meno hana!"

Alitafuta toleo la kompyuta za zamani, akaliandika, akachomeka flashi, akaiamuru kompyuta ianzie hapo kabla ya diski yake. Mwishowe alichagua kujaribu mfumo bila kuusakinisha. Tulisimama nyuma yake kama watu walio nje ya wodi ya uzazi. Polepole, rangi ya buluu ikajaa kwenye skrini. Mama alifungua diski, na majina ya sauti yakashuka moja baada ya jingine. Hakushangilia. Aliweka kiganja juu ya kompyuta, akasema, "Aksanti, Muzee."

Alinakili kila kitu kwenye diski ya nje kwanza. Baada ya hapo tu ndipo aliporuhusu mfumo mpya usakinishwe.

Jumamosi, ngoma zilinyamazishwa kidogo, na sauti ya bibi yake Vanessa ikasikika. Alikohoa, akauliza kama wanarekodi, akacheka. "Buzukuru banje," alisema kwa Kirundi chake, yaani wajukuu wangu, kisha akaendelea kwa Kiswahili: "Siku mumoja wenu ataolewa, museme bibi iko anacheza, hata kama hamumuone." Vanessa, aliyekuwa hajawahi kumsikia, alimshika mama yake kiunoni, na wawili hao wakaanza kucheza huku wakilia. Mama Pulchérie alikuwa nyuma kabisa, karibu na spika, akihakikisha waya hautoki.

Tangu hapo amewafundisha wenzake wote kutengeneza flashi ya aina hiyo, na shule na vituo vya afya vimeleta kompyuta zao zilizokataa kuwaka.

Tulipokuwa tukiandaa sherehe hii ya kumuaga, tuligundua kwamba katika sauti zote alizozitunza, yake haimo. Basi wiki iliyopita tulimkalisha mbele ya kipaza sauti kwa nguvu kidogo. Alitutazama kupitia kioo. "Niseme nini?" aliuliza. "Muko bazima bote? Basi. Ni vile tu nilitaka kujua."

Tuko wazima, Mama, na sauti hiyo tumeihifadhi. Aksanti kwa kazi, kwa ukali na kwa bugali. Nenda Mboko ukapumzike kati ya mihogo yako na watu wako. Mungu akupe miaka mingi ya amani na afya njema.

Kwa niaba ya wenzako wote redioni,
Patrice