Sauti Iliyofutwa Kwenye Kaseti

Nawasalimu nyote mliofika, kwaya zetu na wageni wetu. Mwenyekiti amenipa dakika chache, na ameniomba nisitaje jina la mtu. Sawa, simtaji. Lakini yumo humu, ameketi, na nyie mnaomjua msigeuke kumtazama.

Ndugu zangu, wimbo ule niliutunga mimi, nikipalilia mpunga kule Litapunga. Kwaya ikaupenda, nikapewa kuuanzisha. Bwana huyu ndiye aliyekuwa na mashine ya kurekodi, basi tukaenda kwake tukaimba kutwa nzima. Kaseti ilipotoka nikakaa na watoto kuisikiliza. Anayeanzisha wimbo wangu ni shemeji yake. Nilipomwuliza, akanijibu mbele za watu, "Mama, Kiswahili chako kina Kirundi kingi. Kaseti haitauzika. Nimekufuta."

Mimi nimezaliwa hapa hapa. Wazazi wangu ndio waliotoka Burundi. Nikarudi nyumbani Shanwe, na mwaka mzima sikuimba, hata kumbembeleza mtoto. Hapa kanisani nilikuwa nafumba macho mkidhani nasali. Nawaambia ukweli, nilikuwa namwombea yule bwana mafua yasiyopona. Mume wangu akasema nyumba imekuwa kama ya msiba. Nikamwambia, nataka mashine yangu mwenyewe, nimwonyeshe.

Shule moja ilikuwa inaondoa kompyuta yake ya zamani, tukaipata kwa mpunga wetu. Kisha nikaenda dukani na fundi redio wa mtaani kwetu. Muuzaji akanionyesha spika mbili kubwa zenye taa. Nilizitamani jamani, maana nilitaka yule bwana azisikie akiwa kitandani kwake. Fundi akaninong'oneza, "Dada, spika inatoa sauti, haichukui. Hela yako inatosha kitu kimoja tu. Chukua maiki nzuri na waya mrefu, kusikiliza tutasikilizia redio yako." Nikamkubalia, lakini nilinuna njia nzima.

Mara ya kwanza tulirekodia sebuleni. Tukasikia feni ya kompyuta inavuma, kuku wanatembea juu ya bati, na sauti yangu inagonga ukuta na kurudi. Nililia kwa hasira. Fundi akazunguka nyumba akipiga makofi kila chumba, mpaka kwenye stoo ya mpunga. Alipopiga humo, kofi likafia palepale. "Hapa," akasema. Kompyuta tukaiacha sebuleni, waya ukapita dirishani, mimi nikasimama katikati ya magunia. Tuliposikiliza nikasikia mpaka pumzi zangu. Na Kirundi changu chote kimo. Sikutoa hata kidogo.

Tukaupitisha wimbo kwa waya kutoka kwenye kompyuta hadi redio yangu ya deki mbili, tukanakili kaseti. Zikafika mpaka Ikola, wanaoanika dagaa wakawa wanaimba wimbo wangu. Nakala ya kwanza nilimpelekea yule bwana mwenyewe, nikamwekea mkononi, nikaondoka bila kuaga.

Sasa mwezi uliopita mashine yake ikaharibika. Akaja kupiga hodi kwangu. "Mama, naomba stoo yako, nina wimbo wa kurekodi, kwaya inausubiri ijifunze." Ndugu zangu, siku hiyo niliingoja kama mshahara. Nikamkaribisha vizuri, nikamwingiza katikati ya magunia mchana wa jua kali, nikafunga mlango. Akaimba. Nikamwambia kupitia dirishani, "Rudia, lafudhi ya kwenu inasikika." Akarudia. "Rudia tena." Mara ya saba akafungua mlango, amelowa jasho, pumba zimejaa kichwani. Akauliza, "Unanifanyia makusudi?"

Nikamjibu ndiyo.

Akakaa juu ya gunia. Halafu akasema polepole, "Wewe uliimba vizuri kuliko shemeji yangu. Nyumbani wasingenielewa. Hiyo lafudhi ilikuwa kisingizio."

Hapo ndipo nilipopona. Maana muda wote huo nilikuwa namchukia mtu huku maneno yake nayaamini. Lakini mnielewe, sijasema nimemsamehe. Hilo bado, na Mungu analijua. Nilimrekodia wimbo wake vizuri kabisa, ukatoka safi, kwa sharti moja ambalo mtaliona sasa hivi.

Namshukuru mume wangu aliyekubali mpunga wetu uondoke bila kuniuliza mara mbili. Namshukuru fundi, ambaye hakuniuzia nilichokitaka. Kwa yeyote anayetaka kurekodi nyumbani, anza na maiki, na tafuta chumba chenye magunia. Na mtu akikwambia sauti yako haifai, kwanza mwulize nyumbani kwake nani anaimba.

Sasa naomba kwaya zote zisimame. Wimbo naanzisha mimi. Na yule nisiyemtaja, naye asimame aitikie, kwa sauti ya kusikika mpaka nje. Wimbo anaujua vizuri, aliusikiliza wote kabla hajanifuta.