Perez Adongo, Mama Mvuke wa Kiamaiko

Wachungaji, ndugu kutoka Ugenya, majirani wa Umoja na nyinyi wachinjaji wa Kiamaiko, familia inaomba masikio yenu tuwaeleze Perez alikuwa nani, ingawa wengi wenu mlimsikia sauti kabla hamjamwona.

Perez Adongo alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Ugenya, Siaya, pacha wa pili na kitinda mimba wa marehemu Phares Odongo na marehemu Mama Aluoch, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1983, akamaliza kidato cha nne mwaka 1987, kisha akaja Nairobi kwa shangazi yake, akaajiriwa kufanya usafi katika kiwanda cha biskuti, na huko akaizoea mashine ya mvuke hadi wenzake wakambandika jina la Mama Mvuke.

Tarehe 21 Desemba 1991 alifunga ndoa na Naftaly Ondiek, karani wa reli, mtu mpole ambaye Mungu alimpa mke wa kumsemea, wakajaliwa watoto watatu, Ogola, Anyango na Apiyo.

Mwaka 2017 Roble, mwenye kichinjio cha mbuzi Kiamaiko, alimwita kwa haraka Perez, ambaye sasa alikuwa na kazi yake mwenyewe ya kusafisha kwa mvuke, maana maafisa wa afya walikuwa wamempa hadi Jumatatu akisafishe, la sivyo kifungwe, na wachinjaji, wapakiaji na kina mama wauza matumbo wote wabaki bila kazi. Jumamosi tarehe 9 Septemba Perez aliwasha mashine mpya, akashika mpira wa mvuke kwa madaha, akazipiga kuta mvuke mkali moja kwa moja, jinsi alivyozoea kuyeyusha mafuta ya biskuti, lakini lo, damu si mafuta, ikipigwa moto kabla ya maji baridi huiva, na ile ya kichinjioni ikaganda ukutani kama ukoko wa ugali. Wapo waliomnong'oneza aisingizie mashine, naye akakataa katakata, akamwendea Roble, akamwambia mbele ya watu wote kwamba kosa ni lake na atalitoa kwa mikono yake.

Jumapili hiyo, kwa mara ya kwanza, hakuonekana kanisani, alikuwa amepiga magoti akikwarua ukuta kwa chuma, akiimba tenzi, na wachinjaji, Waislamu wale, wakamwitikia kiitikio wakikwarua naye, na Jumatatu maafisa walipofika walikuta kuta zinang'aa. Tangu hapo kila aliyeshika mpira alifokewa naye, "Baridi kwanza, wee!", na hata Naftaly hakuthubutu kuloweka shati lenye damu kwa maji moto. Tulimjivunia sana mwanamke huyu.

Mwezi Februari 2024 aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa figo, akaupokea kwa ujasiri, akiwauliza wauguzi wanasafisha vipi mashine zao za kuchuja damu, hadi Alhamisi tarehe 8 Mei 2025, alipotutoka alfajiri, mume wake akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia, majirani waliotupikia na kukesha nasi, kina mama wa kanisa, na kwa namna ya pekee Bwana Roble na wafanyakazi wenzake. Kichinjio kile hakikuwahi kufungwa hata siku moja tangu Jumatatu ile, hadi leo asubuhi, wenyewe walipokifunga ili waje kumsindikiza.

Pumzika sasa, nyar Ugenya, binti wa Ugenya, Mungu akupokee kwa amani.